SOMO: Kurekebisha mafunzo yanayotumwa kwa simu kwa wanaouguza wazee wenye dimenshia (ugonjwa wa ubongo unaoharibu kumbukumbu), Kanda ya Ziwa

Naandika mara moja ili kila anayenifuata inboksi nimwelekeze hapa. Swali ni lile lile: "Nimepata mafunzo ya WHO (Shirika la Afya Duniani), nayatafsiri narusha kwenye grupu, sawa?" Si sawa. Kutafsiri ndiyo kazi ndogo kuliko zote.

1. Pakua iSupport, mwongozo wa WHO wa 2019 kwa walezi wa watu wenye dimenshia. Ni bure, una moduli 5.

2. Soma leseni. Ruksa kurekebisha bila biashara, ila usibandike nembo ya WHO, na uandike kwamba tafsiri si yao.

3. Kaa na walezi kwanza. Mwongozo unaongea na mtu mmoja, "mlezi". Huku kwetu ulezi ni zamu: mkwe, binti aliyerudi nyumbani, mjukuu wa darasa la sita. Mwenye simu janja ni kaka aliyeko Dar anayetuma hela. Ukimwambia mkwe "jipumzishe", atacheka. Mfundishe namna ya kumwomba wifi yake ashike Jumamosi bila kuzua maneno.

4. Badilisha mifano, usiguse tiba. Oveni iwe jiko la mkaa, bustani iwe kuchambua dagaa.

5. Visa vya tabia. Hapa ndipo grupu letu la kwanza lilipovunjika. Tulirekodi kisa cha kweli: bibi anatoka usiku, anaongea na marehemu mumewe, anamwita bintiye mwizi. Jina tulitoa, lakini kijiji, duka la jirani na ule mwembe vilibaki. Sauti ikafowadiwa, ikachezwa kwa spika kijiweni, familia ikajulikana. Usukumani vikongwe wameuawa kwa kusingiziwa uchawi, wengine kwa macho mekundu tu yaliyotokana na moshi wa jikoni. Kwa hiyo: kisa cha kweli marufuku, hata mwenyewe akikubali. Kila sauti ianze kwa kusema huu ni ugonjwa wa ubongo, si laana, si kurogwa, maana anayefowadi hafowadi utangulizi uliotuma jana. Na usimtukane mganga; familia imeshaenda kwake, tena kwa mchango. Waombe tu wasikatishe dawa za hospitali na wasimfunge mzee kamba.

6. Sauti fupi, dakika mbili. Kiswahili na Kisukuma, kila moja faili lake.

7. Wasikilizishe wachache, kisha waambie wakusimulie walichoelewa. "Mmeelewa?" si jaribio, kila mtu ataitikia ndiyo.

MASWALI

Mdau, Buhongwa: Mkuu nirushie tu PDF ya Kiswahili, kusoma yote sina muda.
— Rudi hatua ya 1, pakua mwenyewe. Na kama huna muda wa kusoma, usiwarushie walezi.

Mdau, Kirumba: Mambo ya uchawi ya nini zama hizi? Unatuchafua Wasukuma.
— Mimi mwenyewe Msukuma wa Magu. Sikusema wote. Sauti yako ikimfikia mbaya mmoja, inatosha.

Mdau, Ukerewe: Shikamoo dada. Mama mkwe kila jioni anasema anakwenda kwao, anashuka ziwani. Nimkatalie? Na kisa kama hiki kwenye somo nikiweke vipi?
— Marahaba, mdogo wangu. Usibishane naye. Muulize kwao kukoje, nani alikuwa akimpokea, tembea naye kidogo, kisha mrudi kunywa chai. Chunguza pia: jioni huwa na njaa, haja ndogo, au giza linamtisha? Mtambulishe kwa bodaboda wa kijiwe na wavuvi wa mwaloni, wakimwona akielekea majini wakupigie. Kwenye somo, buni familia nyingine kabisa na urekodi sauti mbili: mkwe anayebishana na mkwe anayefuata mazungumzo. Walezi waseme ipi ni ya nyumbani kwao. Hapo ndipo wanapofunguka.

Mdau, Sengerema: Baba alikuwa mzima, tangu juzi hatambui watu. Nimuunge kwenye grupu?
— Mpeleke kituo cha afya leo. Dimenshia kwa kawaida huja taratibu, kwa miezi na miaka. Kuchanganyikiwa ghafla kunaweza kuwa malaria, maambukizi ya mkojo, sukari, au dawa anazotumia. Grupu baadaye.

Mdau, Igoma: Wenye simu za kitochi mnawafikiaje?
— Memori kadi. Mjukuu anaipeleka, anabonyeza, bibi na mkwe wanasikiliza pamoja.

Mdau, Nyegezi: Nyongeza: majina ya faili yaanze na 01, 02. Kitochi changu kilipanga kwa herufi, somo la kumi likatangulia la pili.
— Nimeichukua hiyo. Asante.