Jinsi ya kufunga stabilaiza ya nyuma kwenye bajaji ili isilale sana kwenye kona

Wakuu, yeyote hapa Mwanza anayepiga Buzuruga kwenda Igoma au anayeshuka Bugando na abiria watatu nyuma anaijua hii hali, ukikata kona tu bodi inalala upande mmoja mpaka abiria wanashikilia bomba. Stabilaiza inapunguza hilo kwa kweli, ila ifungwe sawasawa.

Kwanza uielewe. Ni fimbo ya chuma cha springi inayounganisha swingamu (mkono unaoshika tairi la nyuma) ya kushoto na ya kulia, kwa iyo kwenye bajaji inakaa nyuma tu, mbele tairi ni moja haina mwenzake wa kuungwa naye. Tairi zote mbili zikipanda tuta pamoja fimbo inajizungusha tu kwenye bushi zake (raba zinazoishikilia kwenye chesisi), kazi inaanza pale moja linapopanda na lingine linashuka. Haibebi mzigo. Kama bajaji inakaa chini ukipakia, shida yako ni springi na shokapu, anza na hizo. Alafu piga jeki, shika tairi la nyuma utikise kwa nguvu, likicheza badilisha bushi za swingamu au beringi kabla hujanunua kitu kingine.

Kwenye kuchagua fimbo watu wengi wanataka nene, mi nasema hapana. Ugumu haupandi sawa na unene, kutoka milimita 16 kwenda 18 tu unapata ugumu zaidi kwa kama asilimia 60, na fimbo ngumu sana inanyanyua tairi la ndani ya kona, alafu kwenye njia zetu za mawe kule Mabatini kila jiwe linalopigwa na tairi moja linahamia kwa lingine. Nondo na bomba la maji hapana kabisa. Na fundi asichomelee kitu chochote kwenye fimbo yenyewe, moto unaua ule uspringi na baadae inakatikia hapo hapo.

Kufunga sasa. Bajaji iwe sehemu tambarare, weka stendi imara chini ya chesisi maana jeki peke yake haiaminiki, injini ipoe. Lenga vishikio vya bushi kwenye chuma kinene cha chesisi, sio bati la bodi, na nyuma yake weka kipande cha bati nene. Bushi za raba usizipake grisi ya kawaida, inazivimbisha, tafuta ya silikoni. Boliti ziwe za daraja la uimara 8.8, nati zile zenye plastiki ndani, mara ya kwanza kaza nusu tu.

Hapa ndo pa kutuliza akili. Shusha bajaji ikae kwenye tairi zake, mtu akae kwenye siti ya dereva, alafu funga linki (kile kijiti kinachounga ncha ya fimbo na swingamu) ya upande mmoja. Ukija upande wa pili boliti inatakiwa iingie kwa vidole, ukiona unaigonga na nyundo ujue linki hazilingani urefu, na ukilazimisha bajaji itakuwa imelala kidogo upande mmoja muda wote hata kwenye njia iliyonyooka. Rekebisha urefu kwanza mpaka boliti iteleze yenyewe, ndo ukaze zote mwisho mwisho, tairi zikiwa chini hivyo hivyo. Kabla hujatoka pandisha tairi moja moja na jeki mpaka juu, pitisha kidole kati ya fimbo na shafti, paipu ya breki na ekzosi, kidole kisipopita kuna siku vitagusana.

Jaribu bila abiria kwanza, mdogo mdogo. Na hili naomba sana mlisikie, stabilaiza haijaongeza upana wa bajaji. Bodi itatulia kwa iyo utajiona uko salama, lakini kiwango cha kupinduka kiko karibu pale pale, na kushika breki katikati ya kona bado ni hatari kwa sababu uzito unakimbilia mbele kwenye tairi moja. Punguza kabla ya kona kama zamani.

Chora mstari wa rangi kwenye kila nati na boliti yake, baada ya wiki angalia kama mistari bado imenyooka. Ukisikia ko ko ko upande mmoja mara nyingi ni linki imelegea au imekufa, ikikukuta mbali na gereji fungua linki zote mbili uifunge fimbo vizuri na waya isining'inie, bajaji itarudi kulala kama mwanzo lakini abiria utawafikisha.