Jinsi ya kuuchanuza mmea kwa kuupa usiku mrefu

Mwaka 1920 huko Marekani, wanasayansi wa mimea Garner na Allard walichapisha matokeo ya majaribio yao. Walikuwa na aina ya tumbaku iliyorefuka kiangazi kizima bila kutoa ua, lakini walipoiingiza gizani mapema kila alasiri ikachanua. Baadaye ikagunduliwa kwamba kinachopimwa na mmea ni urefu wa giza. Kwa hiyo kazi yetu hapa ni kuulinda usiku.

Hatua ya 1: Jua tabia ya mmea wako. Maua ya mapambo kama krisanthemamu, poinsetia (ua la Krismasi, ambalo majani yake ya juu hugeuka mekundu) na kalanchoe huchanua usiku ukirefuka. Spinachi ni kinyume chake: usiku ukifupika hupandisha shina la maua, nawe mla majani umekosa. Nyanya haijali, usiihangaikie.

Hatua ya 2: Uache ukue. Mche ukipewa usiku mrefu mapema mno utachanulia kwenye kishina kifupi kisichofaa hata chombo cha maua. Krisanthemamu za kukata mimi huzingoja zifike kama sentimita 30. Ikiwa usiku tayari ni mrefu, washa taa kuanzia saa 4 usiku hadi saa 8. Ndani ya jani mna kipokea mwanga kiitwacho fitokromu. Mwanga mwekundu ukikigusa katikati ya usiku, mmea huuona usiku ule kama vipande viwili vifupi. Ndiyo maana balbu ya kawaida yatosha, wala huhitaji taa kali.

Hatua ya 3: Funika. Funika mimea kwa kitambaa cheusi saa 11 jioni, funua saa 1 asubuhi. Hizo ni saa 14 za giza. Kabla ya kuanza, ingia chini ya kitambaa jua likiwaka. Ukiona vitundu vya mwanga, ongeza tabaka la pili. Majani ndiyo yanayohisi giza, basi hakikisha hata ya chini yamefunikwa. Nailoni nyeusi ni rahisi lakini siipendi: jua la jioni huigeuza tanuri, na joto kali huchelewesha vitumba vya krisanthemamu. Kitambaa kizito cheusi, kilichotandazwa juu ya fremu bila kugusa mimea, ni bora zaidi.

Hatua ya 4: Usiruke usiku. Hapa ndipo wengi hukwama. Poinsetia ya sebuleni hubaki kijani mwaka hadi mwaka, mwenyewe akalaumu mbolea, kumbe ni taa inayowaka hadi watu walale. Ihamishie chumba kisichowashwa taa, au ifunike kwa boksi kila jioni, kwa wiki 8 hadi 10. Mchana irudishe penye mwanga mwingi.

Hatua ya 5: Acha kufunika vitumba vikionyesha rangi. Krisanthemamu nyingi hufika kuchanua kati ya wiki 7 na 10 tangu usiku wa kwanza wa kufunika, kutegemea aina. Andika tarehe hiyo kwenye kibao kando ya tuta, na usichanganye aina mbili chini ya kitambaa kimoja.