Kodi ya duka ikipandishwa Kenya: soma tarehe kabla ya kulipa

"Kuanzia mwezi ujao kodi ni 25,000." Ujumbe kama huo wa mwenye jengo ukiingia kwenye simu tarehe 28, wapangaji wengi wa maduka hukopa wakalipa. Kumbe kwa duka lililo chini ya Sura ya 301 ya sheria za Kenya, ujumbe huo haujaongeza hata shilingi moja.

Kwanza hakikisha unalindwa. Sheria hiyo ya mwaka 1965 inahusu maduka, hoteli na mikahawa, na "duka" humo ni pamoja na kinyozi, fundi wa simu na wengine wanaotoa huduma kwa malipo. Unalindwa ikiwa hamkuandikiana mkataba, au mkataba hauzidi miaka 5, au unaruhusu kuvunjwa ndani ya miaka 5 hata kama hakuna aliyekiuka masharti. Ndiyo sababu wapangaji huletewa mikataba ya miaka 5 na miezi 3. Miezi hiyo 3 haikuwekwa kwa ukarimu. Kazi yake ni kukutoa kwenye ulinzi. Kibanda cha soko la kaunti hakimo, kwani serikali ikiwa mwenye jengo au mpangaji, sheria hii haitumiki. Nyumba za kuishi zina Sura ya 296, ambayo hushika zile za kodi isiyozidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Mjini utazitafuta kwa tochi.

Sasa tazama notisi yenyewe. Lazima iwe kwenye fomu rasmi, Fomu A, itaje sababu za kupandisha kodi, na ikutake ujibu kwa maandishi ndani ya mwezi mmoja kama unakubali au la. Tena isianze kazi kabla ya miezi 2 kupita tangu uipokee. Barua nzuri yenye mhuri wa wakili lakini isiyo na mambo hayo ni karatasi tu. Ukipewa, andika nyuma yake tarehe uliyoipokea na nani aliileta, kwa sababu hesabu yote inaanzia hapo. Mfanyakazi wako wa dukani akiipokea, imekufikia, kwa hiyo mwambie asiitupe kwenye droo ya risiti.

Tuseme umeipata tarehe 3 Machi. Ikisema kodi mpya inaanza tarehe 1 Mei, muda haujatimia na notisi ina kasoro. Ikisema tarehe 1 Juni, iko sawa, na una kazi mbili. Kabla ya tarehe 3 Aprili mwandikie mwenye jengo kwamba hukubali, na umtake atie saini kwenye nakala yako. Kisha, kabla ya tarehe 1 Juni, peleka shauri kwenye Jopo la Kodi za Majengo ya Biashara, wengi huliita BPRT, kifupi cha jina lake la Kiingereza, Business Premises Rent Tribunal. Ukishalipeleka, notisi inasimama hadi jopo liamue. Kujibu barua bila kwenda kwenye jopo ndilo kosa linaloumiza wengi: tarehe inafika, notisi inashika. Ukichelewa, jopo linaweza kukuruhusu kwa sababu nzito, lakini usiitegemee huruma hiyo.

Wakati mnangojea, endelea kulipa kodi ya zamani, kwa tarehe ile ile, kwa M-Pesa au benki ili kumbukumbu zibaki. Mwenye jengo akikataa kupokea, mwandikie kuwa umejaribu na uweke pesa kando. Ukisusa kulipa umempa silaha, maana malimbikizo ya miezi 2 ni sababu halali ya kuomba utolewe. Na usilipe kiwango kipya "kwa mwezi huu tu", itasemwa ulikubali.

Mbele ya jopo, kulalamika kwamba biashara ni mbaya hakusaidii sana. Linaloangaliwa ni kodi ya majengo yanayofanana na lako. Pima futi za mraba, tafuta maduka matatu au manne ya mtaa huo huo, na ulinganishe sawa kwa sawa: duka linalotazama barabara haligharimu sawa na la uani au la ghorofani. Mwenye jengo huja na ripoti ya mthamini. Kama tofauti ya kodi ni kubwa, nawe lipia yako.

Mwenye jengo akikukatia stima au kutia kufuli lake mlangoni ili ukubali, hilo ni kosa la jinai. Piga picha, andika saa, na uombe jopo amri ya kufungua siku hiyo hiyo. Usivunje kufuli mwenyewe.