Kurudisha Weusi wa Mikanda ya Madirisha Iliyopauka

Magari ya Kijapani ya miaka ya 1990, hasa Toyota Corolla, bado yanaonekana katika barabara za Dar es Salaam na Mombasa, na mengi yana injini nzima na bodi ya kuridhisha, lakini ile mikanda myeusi inayopita chini na pembeni mwa vioo vya milango imepauka kwa jua hadi ikawa ya kijivu. Kuirudishia weusi ni kazi ambayo mwenye gari anaweza kuifanya mwenyewe nyumbani, mradi akubali kwamba sehemu kubwa ya muda wake itakwenda kwenye kukagua, kusafisha na kuziba, na sehemu ndogo tu kwenye kupuliza rangi.

Jambo la kwanza ni kujua mkanda umetengenezwa kwa kitu gani, kwa sababu dirisha moja linaweza kuwa na vitu vitatu vilivyokaa bega kwa bega: bati lililopakwa rangi nyeusi, plastiki, na mdomo wa mpira unaogusa kioo. Sumaku itakuonyesha palipo na chuma, ingawa haitaishika aluminiamu. Kisha chukua kipande kidogo cha msasa namba 600, ukisugue kidogo mahali pasipoonekana, kwa mfano kwenye ncha inayofichwa na mlango ukifungwa. Ikiwa vumbi ni jeusi na chini yake panaendelea kuwa peusi, hiyo ni plastiki au mpira. Ikiwa weusi unakwisha na metali inang'aa, ulichokuwa unakiona ni rangi tu. Mpira utautambua kwa kuubonyeza kwa ukucha, kwani hubonyea na kurudi.

Mpira usipakwe rangi. Hujikunja kila kioo kinapopanda na kushuka, na rangi iliyo juu yake itapasuka na kubanduka vipandevipande. Vilevile ni vyema kuachana na desturi ya kupaka dizeli au oili chafu ya injini ili mpira ung'ae: mpira wa EPDM, ambao hutumika sana kwenye milango ya magari, hunyonya mafuta ya aina hiyo, ukavimba na kulegea. Kiwi ya viatu haina madhara makubwa kiasi hicho, lakini mvua ya kwanza itaishusha kwenye kioo, na shati la abiria anayeegemea mlango litapata sehemu yake. Wapo pia wanaochoma plastiki kwa mashine ya hewa moto. Weusi hurudi kweli, ila baada ya muda hupauka tena, na mkono ukikawia mahali pamoja plastiki hujikunja.

Swali linalofuata ni kama mikanda ing'olewe. Kwa maoni yangu, isipokuwa imelegea au ina kutu kwa ndani, iachwe mahali pake. Mingi hushikwa kwa klipu na skrubu ya pembeni, na ule wa aluminiamu ukiinuliwa kwa bisibisi hupata kona ambayo hainyooki tena.

Osha eneo lote kwa maji na sabuni ya vyombo, suuza, acha likauke. Futa kwa kitambaa kilicholowa pombe ya isopropili, kisha ufute kwa kitambaa kingine kikavu kabla haijakauka yenyewe, ili uchafu uondoke badala ya kuhamishwa. Petroli haifai, kwani ni hatari ya moto na inaweza kuacha utando wa mafuta. Nyunyiza matone ya maji: yakijikusanya kama shanga, bado kuna nta au silikoni, na rangi itakayopulizwa juu yake itajitenga na kuacha vitundu.

Sugua kwa msasa namba 400, umalizie na 600. Palipobanduka rangi ya zamani, anza na 320 hadi ukucha upite ukingoni bila kukwama. Kutu iondolewe hadi kwenye chuma safi, ipakwe praima (rangi ya awali inayotangulia rangi yenyewe) ya kuzuia kutu. Aluminiamu iliyo wazi inataka praima yake maalumu ya kuuma metali, na plastiki inataka praima ya plastiki. Futa vumbi tena kwa pombe.

Katika kuziba ndipo kazi nzuri na mbaya zinapotengana. Ingiza uzi mnene au kamba nyembamba chini ya mdomo wa mpira ili uinuke kidogo kutoka kwenye kioo, kisha sukuma ukingo wa tepu ya karatasi kwa kadi ya plastiki hadi uingie chini ya mkanda. Funika kioo chote, mlango wote, paa na milango ya jirani kwa magazeti, kwa maana vumbi la rangi husafiri mbali.

Chagua rangi nyeusi ya kopo la kupuliza, yenye mng'ao hafifu, na upulize asubuhi kivulini. Bati likiwa na joto, rangi hukauka kabla ya kutua na uso huwa wa kukwaruza. Hewa ikiwa na unyevu mwingi, rangi huweza kugeuka ya ukungu. Tikisa kopo kwa dakika mbili, vaa barakoa, shika kopo umbali wa sentimita 20 hadi 30, anza kupuliza nje ya mkanda na uachie baada ya kuupita. Tabaka la kwanza liwe jepesi kiasi cha kuona kilicho chini yake, na mawili yafuate kwa nafasi ya dakika kumi hivi, au kama kopo linavyoelekeza.

Tepu ivutwe rangi ikiwa imekauka kwa kuguswa lakini haijawa ngumu, polepole, ukiikunja kurudi ilikotoka. Ukisubiri hadi kesho yake, huenda ikang'oa ukingo wa rangi mpya. Kioo kisishushwe kwa saa 24, na gari lisipelekwe kwenye mashine ya maji ya presha kwa wiki nzima. Baada ya hapo ndipo mpira upakwe dawa yake ya silikoni kwa kitambaa, kwani ukitangulia nayo utakuwa umeichafua sehemu unayotaka kuipaka rangi.