Umbo katika swali la hisabati: alama au mchoro?

Kwa walimu wa Kisumu na Nakuru wanaonakili mitihani kwa breli, maandishi ya nukta zilizoinuliwa yasomwayo kwa kidole: kabla ya kuandika pembetatu iliyo kwenye karatasi, amua kwanza kama inatumika kama alama au kama mchoro, kwa sababu mwanafunzi anayetakiwa kupima pembe zake anahitaji mistari iliyoinuliwa, ilhali ile inayoshikilia nafasi ya namba isiyojulikana huandikwa kwa breli ndani ya mstari wa maandishi. Katika Breli ya Kiingereza Iliyounganishwa, umbo hutanguliwa na nukta 1-2-4-6 (nukta sita za kila seli ya breli zina namba 1 hadi 6). Kwa pembetatu, nukta hizo hufuatiwa na alama ya namba na 3, kwa mraba alama ya namba na 4, na kwa duara nukta zote sita. Kitu kikifuata bila nafasi, funga umbo kwa nukta 1-5-6, hatua ambayo wengi huiruka. Samaki wa pikitografu (chati ya picha) ya mauzo ya Dunga, ufuo wa wavuvi Kisumu, hana alama yake. Mpe ile ya mnakili, ambayo maana yake huamuliwa na anayenakili, yaani nukta 3-4-5-6 kisha 1-4-5-6, na uieleze kabla ya swali, kamwe si baada yake, kwani kidole hakiwezi kuchungulia ukurasa mzima.