SOMO: Boom ihesabu kwa siku (kwa wanachuo wa Moshi na Arusha)

Habari zenu ndugu zangu, hasa wadogo zangu mnaoripoti chuoni kwa mara ya kwanza. Nilisoma Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi (MoCU) miaka mitatu, nikapanga chumba Longuo. Boom, yaani fedha ya kujikimu inayotoka Bodi ya Mikopo, yangu ya kwanza ilikata siku ya 34. Nilinunua simu, kapeti na sufuria za kuringishia wageni, halafu kila jioni chipsi mayai. Siku zilizobaki niliziishi kwa pasi ndefu: uji asubuhi, kisha mpaka usiku jirani akiniita tule ugali. Kwenye jaribio moja nilisoma swali la kwanza mara nne, maneno nayaona, maana haiingii, kwa sababu ya njaa. Ndiyo maana naandika. Sitaki mtu afeli somo analoliweza.

Hatua ya 1: Geuza fedha kuwa siku

Tangu mwaka wa masomo 2022/2023 posho ya chakula na malazi ya Bodi ya Mikopo imekuwa ikikokotolewa kwa 10,000 kwa siku; kabla ya hapo ilikuwa 8,500. Ukipata kiasi kamili cha boom moja, yaani cha siku 60, unashika 600,000. Ukiitazama hivyo unajiona tajiri, na hapo ndipo wengi tunapoanguka.

Fanya hivi. Toa kwanza kodi ya chumba. Mimi nililipa 40,000 kwa mwezi, miezi mitatu kwa mkupuo, yaani 120,000. Toa chakula kikavu, weka 100,000. Inabaki 380,000. Sasa igawe kwa siku 75, usiigawe kwa 60. Jina likiwa na kosa, alama ya kidole isiposomeka siku ya kusaini boom, au usajili wa semesta haujakamilika, boom ijayo inaweza kukukuta siku ya 70 huna hata ya chumvi. Ukigawa hivyo unapata kama elfu tano kwa siku: mboga, mafuta, gesi, bando, kopi, nauli, sabuni. Elfu tano ndiyo mshahara wako. Iandike kwenye karatasi, ibandike juu ya kitanda.

Nawe ambaye asilimia yako ya mkopo ni ndogo, hesabu ni ileile, namba tu ndizo zinabadilika. Na mkumbuke kuwa huu ni mkopo. Ukiajiriwa utakatwa asilimia 15 ya mshahara, kwa hiyo kapeti utalilipia mara ya pili siku moja.

Hatua ya 2: Siku fedha inapoingia, jua lisizame kabla hujalipa kodi

Lipa, pewa risiti yenye tarehe na miezi iliyolipiwa. Kabla hujahamia popote uliza mambo mawili: umeme una submita (mita ndogo ya chumba chako) au mnachangia LUKU, na bili ya maji ya MUWSA inagawanywaje. Nyumba ya mita moja, wapangaji wanane na mmoja ana jiko la umeme, hamtaelewana.

Kutoka hapo nenda soko la Mbuyuni. Nunua mchele, unga, maharage, mafuta na sukari. Maharage nunua kwa kisado (kindoo cha kupimia), usinunue kwa kikombe cha dukani mtaani. Kisado kimoja mimi peke yangu kilikuwa kinafika wiki tatu. Mchele wa Mabogini ni mtamu, ila muombe muuzaji uuone mkononi kwanza, usije ukalipia chenga. Nyanya na vitunguu fuata jioni, wakati akina mama wanataka kufunga: fungu linaongezwa bila hata kuombwa. Ndizi mshale mkichangia mkungu watu watatu mnakula mpaka mnasahau wali.

Nguo na blanketi, nenda masoko ya mitumba ya Memorial au Kiboriloni. Nunua blanketi mapema, Juni na Julai Moshi kuna baridi.

Hatua ya 3: Jifunze maharage

Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo nilipookolewa. Jumamosi usiku chambua, osha, loweka kwenye maji mengi. Asubuhi yamevimba, yamejaa sufuria. Mwaga yale maji, weka mengine, funika, chemsha moto mdogo. Yaliyolowekwa yanaiva haraka zaidi kuliko yale yaliyotoka kwenye mfuko moja kwa moja, na tofauti hiyo ni gesi yako. Usitie kitunguu, nyanya wala chumvi. Yakiiva, chota ya siku hiyo, uyaunge. Yaliyobaki, kama huna friji, yachemshe yatokote vizuri kila asubuhi na kila jioni, uyafunike, usichovye kijiko kilichotumika. Kwangu yalikuwa yanafika siku ya tatu. Yakianza kutoa povu au harufu ya uchachu, mwaga bila huruma, tumbo litakugharimu zaidi.

Siku ya pili changanya na mahindi yaliyokobolewa, ni makande. Ongeza parachichi pembeni. Mlo huo nilikuwa naula hata nilipokuwa na fedha.

Hatua ya 4: Fedha ikae mbali na mkono

Iache benki, toa mara moja kwa wiki, 35,000 basi. Ukitoa elfu kumi kumi kila unapopita unalipa makato kila mara. Ikiisha Alhamisi, vumilia mpaka Jumapili. Una mchele na maharage ndani, hufi.

Pia ingieni mchezo, yaani kuchangiana fedha na kupokea kwa zamu. Tulikuwa sita, kila mmoja 5,000 kwa wiki, anayepokea anaondoka na 30,000. Kijumbe wetu, mkusanyaji wa michango, alikuwa dada mmoja mkali, asiyesikiliza visingizio, na hakuna aliyewahi kudhulumiwa. Chagueni mtu wa namna hiyo, hata kama hampatani naye sana. Zamu yangu ndiyo niliyolipia bima ya afya, 50,400 wakati ule.

Leteni maswali.

MASWALI

Dada, mimi sina mkopo. Nyumbani wananitumia elfu thelathini, mara kwa wiki, mara kimya wiki tatu. Nagawaje kitu kisichojulikana? (mwaka wa kwanza, Rau)

Pole mdogo wangu, wako ndio mgumu kuliko wetu. Kila inapoingia, nusu igeuze chakula kikavu siku hiyohiyo, kabla ya bando. Tafuta mwenzako mpike sufuria moja. Kingine, nenda ofisi ya mshauri wa wanafunzi ueleze hali yako, usione aibu. Dirisha la mkopo likifunguliwa omba tena, na viambatanisho vyote viwe na mihuri.

Nilikopa kwenye programu ya simu nikalipe deni la programu nyingine. Sasa wanapigia watu walio kwenye simu yangu. Nifanyeje, dada?

Kaka, kwanza simama hapo, usikope ya tatu. Hiyo ndiyo kausha damu yenyewe, mikopo ya riba kubwa inayokunyonya. Angalia kama hiyo programu ina leseni. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majina ya programu 69 za mikopo zinazofanya kazi bila kibali. Hifadhi ujumbe wote wa vitisho. Halafu mwambie mtu mmoja wa nyumbani leo, kabla hajapigiwa na wao. Najua inauma. Ila akisikia kwako atakusaidia kupanga. Akisikia kwao ataogopa tu.

Hesabu hizi zinafaa Arusha? Niko Njiro.

Zinafaa, ila kodi iangalie upya kabla ya kugawa, na nauli uiweke kwenye hesabu kabisa kama utakuwa unapanda daladala kila siku. Chakula kikavu fuata Soko la Kilombero. Mkichangia bajaji watatu kurudi na mizigo, msiogope macho ya watu.

Mimi ni mzazi, mwanangu ameanza chuo hapo Moshi. Nikimtumia zote anamaliza, nikimtumia kidogo analalamika. Nifanyeje, mwanangu?

Shikamoo mama. Usimnyime, ila mgawie kwa wiki, siku ileile, kwa mfano kila Jumapili jioni, ajue inakuja bila kupiga simu. Anayejua siku ya kupokea hakopi. Na kama kijijini mnavuna, mfungashie kwenye basi. Mama yangu alikuwa ananitumia mfuko wa maharage na mahindi, jina langu limeandikwa kwa kalamu ya rangi, na kila mara chini kabisa aliweka kakitu kwenye nailoni: karanga, au dagaa waliokaangwa. Nilikuwa naufungulia kituoni pale pale kuona safari hii ni nini.