Somo: Namna ya kuchagua betri salama ya vepu (saizi za 18650 na 21700)

Wakuu, salaam.

Mimi ni fundi wa vifaa vidogo vya umeme, meza yangu iko Kariakoo. Kazi yangu kubwa ni redio, tochi, sabufa na pawabenki, ila miaka hii ya karibuni vijana wengi wanaleta vepu, yaani sigara za kielektroniki, zile kubwa za kubadilisha betri. Mwezi uliopita alikuja mmoja amevaa msuli, suruali ameikunja kwapani. Akaitandaza juu ya meza. Mfuko wa kulia haukuwepo tena, pamebaki tundu lenye kingo nyeusi ngumu, na paja lake lilikuwa limefungwa bandeji mpaka karibu na goti. Betri ya akiba ilikuwa mfukoni pamoja na funguo na chenji ya daladala. Alichotaka kwangu ni kimoja tu: anunue betri ipi safari hii.

Nilimweleza kwa karibu saa nzima. Maelezo yenyewe ndiyo haya.

Kwanza niseme wazi kwamba simshawishi mtu kuvuta. Nikotini inaleta uraibu, na kama huvuti usianze. Ila najua wapo wanaovuta, na sitaki kuona suruali nyingine kama ile. Hata kama huvuti, betri hizi ndizo zilizomo kwenye tochi na pawabenki yako, kwa hiyo soma.

Hatua ya 1: Kijue kifaa chako

Vepu ndogo za kutumia na kutupa, na zile zenye betri iliyofungiwa ndani, hazihusiki hapa. Tunazungumzia zinazofunguka.

Zipo za aina mbili. Ya kwanza ina bodi ya umeme ndani, ina kioo kinachoonyesha wati, na ikihisi shoti inakata yenyewe. Ya pili ni bomba la chuma tu: betri, kitufe na koili, yaani waya unaopata moto na kutoa mvuke. Hakuna bodi wala kinga yoyote, kilichopo kati ya betri na mdomo wako ni hesabu uliyopiga mwenyewe. Mei 2018, mjini St. Petersburg, jimbo la Florida nchini Marekani, mwanamume wa miaka 38 alifariki baada ya kifaa cha aina hii ya pili kumlipukia. Ushauri wangu kwa mtu asiyejua umeme ni mfupi: bomba tupu usinunue, na ukipewa bure usitumie.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya ampea

Hapa ndipo watu wengi wanapokosea, kwa hiyo twende polepole.

Betri ina namba mbili za kuangalia. Ya kwanza ni mAh, yaani imebeba chaji kiasi gani, itakaa muda gani kabla ya kuisha. Ya pili ni ampea, yaani inaweza kutoa umeme mwingi kiasi gani kwa mara moja bila kupata moto. Fikiria tangi la maji. mAh ni ukubwa wa tangi, ampea ni unene wa bomba linalotoka. Wateja wote wanaulizia tangi. Vepu inahitaji unene wa bomba.

Mbaya zaidi, kwenye betri za saizi moja vitu hivi viwili vinanyang'anyana nafasi. Panasonic NCR18650B ina 3,400 mAh, ni betri halali kabisa na kwenye tochi inakaa sana, lakini ampea zake hazifiki 7. Ukiiweka kwenye vepu inayotaka 20, umeipa mzigo karibu mara tatu ya uwezo wake.

Kwa kifaa chenye bodi, chukua wati unazovutia, gawanya kwa 2.9. Hiyo 2.9 imetokana na volti 3.2 za betri inayokaribia kuisha, ukitoa asilimia 10 inayopotea kwenye bodi. Tunatumia volti za mwisho kwa sababu bodi inashikilia wati zilezile hata betri ikishuka, na ili izipate inavuta ampea nyingi zaidi. Betri iliyochoka ndiyo inayoumia.

Wati 40 kwa betri moja: 40 ÷ 2.9, karibu ampea 14.
Wati 60: karibu 21.
Wati 80: karibu 28. Hapa acha, tafuta kifaa cha betri mbili. Kila betri itabeba wati 40 na utarudi kwenye ampea 14.

Kwa wale wa bomba tupu ambao hawatanisikia: volti 4.2 gawanya kwa ohmu za koili. Koili ya ohmu 0.2 inavuta ampea 21. Ya 0.1 inavuta 42, na hakuna 18650 ya kuibebesha mzigo huo muda wote. Hakuna, hata muuzaji aapeje.

Hatua ya 3: Nunua kiwanda, usinunue rangi

Viwanda vinavyotengeneza 18650 za ampea kubwa na zinazoaminika ni vichache: Samsung SDI, LG, Murata (iliyonunua kitengo cha betri cha Sony mwaka 2017) na Molicel. Majina mengi mengine unayoyaona madukani hayana kiwanda. Wananunua betri, wakati mwingine zile za daraja la chini, wanazivisha ganda lao na kuandika namba wanayoipenda.

Hizi nazifahamu:

Samsung 25R: 2,500 mAh, ampea 20.
Samsung 30Q: 3,000 mAh, ampea 15.
LG HG2: 3,000 mAh, ampea 20.
Sony/Murata VTC5A: 2,600 mAh, ampea 25.
Molicel P26A: 2,600 mAh. Kiwanda kinaandika ampea 35, lakini mpimaji huru anayejulikana kwa jina la Mooch, anayezichosha betri kwenye mashine na kutangaza majibu, anashauri uihesabu 25. Mimi namfuata yeye.

18650 maana yake ni upana wa milimita 18 na urefu wa milimita 65. 21700 ni 21 kwa 70. Kama kifaa chako kinapokea 21700, itumie, maana ina nafasi zaidi ndani na inatoa ampea zilezile bila kuhangaika.

Jambo jingine ambalo muuzaji hatakwambia: viwanda hivi vyenyewe havitaki betri zao ziuzwe mojamoja kwa wavutaji. Samsung na LG wameshaonya, na mwaka 2021 tume ya usalama wa bidhaa ya Marekani ilitoa tahadhari dhidi ya 18650 zinazouzwa peke yake bila bodi ya kinga. Zilitengenezwa zikae ndani ya pakiti, kama za drili au baiskeli ya umeme, penye bodi inayozilinda. Ukiishika moja mkononi, mlinzi wake ni wewe.

Hatua ya 4: Iweke kwenye mzani

Hii naipenda kwa sababu haihitaji elimu. 18650 halisi ina uzito wa gramu 44 hadi 48. Kwenye meza yangu nina mzani mdogo wa kidijitali. Wiki iliyopita nilipima betri iliyoandikwa 9,900 mAh kwa herufi za dhahabu: gramu 29. Nilichana ganda, nikafungua kopo taratibu. Ndani mlikuwa na kibetri chembamba kama kidole cha mtoto, na nafasi iliyobaki imejazwa unga mweupe.

18650 nzuri za kawaida unazoweza kukuta dukani zinaishia 3,500 au 3,600 mAh. Ukiona 5,000, 6,800 au 9,900, rudisha palepale. Aliyedanganya kwenye mAh amedanganya na kwenye ampea.

Mzani haukamati kila kitu. Betri ya laptop iliyovishwa ganda jipya nayo ina gramu 45. Kwa hiyo uzito mdogo unakuhakikishia kuwa ni feki, uzito mzuri haukuhakikishii kuwa ni halisi. Nunua kwa mtu mwenye duka unaloweza kulirudia.

Hatua ya 5: Kagua ganda

Lile plastiki jembamba la rangi si urembo. Kopo lote la betri, ubavuni mpaka juu kwenye ukingo unaozunguka chanya, ni hasi. Kichwa cha chanya kimetenganishwa na ukingo ule kwa nafasi ndogo sana, na hapo juu kuna kaduara ka karatasi, mara nyingi keupe. Ganda likichanika juu, au kaduara kakitoka, kipande chochote cha chuma kinaunganisha chanya na hasi. Hiyo ndiyo shoti.

Itoe betri, izungushe mbele ya mwanga, pitisha kucha kwenye ukingo wa juu. Ukikuta mchaniko, hata wa ukubwa wa punje ya mchele, usiitumie mpaka ivishwe ganda jipya. Maganda yanauzwa bei ndogo, yanabanwa kwa joto la kikaushia nywele. Ila betri yenye bonde, iliyovimba au iliyotoa majimaji haivishwi. Hiyo imekwisha.

Hatua ya 6: Kubeba na kuchaji

Beba kwenye kikasha cha plastiki. Kila betri, kila siku. Idara ya zimamoto ya Marekani ilikusanya matukio 195 ya vepu kulipuka au kuwaka kati ya 2009 na 2016, na katika 61 kifaa au betri ya akiba ilikuwa mfukoni.

Chajia kwenye chaja ya nje, si kwa waya wa USB kwenye kifaa. Weka ampea 1 au chini, ikifika volti 4.2 itoe. Usichaji ukiwa umelala, wala kwenye godoro. Na usiiache ndani ya gari lililofungwa juani.

MASWALI YA WADAU

Mkuu shukrani. Mimi natoa betri kwenye pakiti za laptop zilizokufa, nazipima zina volti 4 safi. Siwezi kutumia kwenye vepu?

Hapana ndugu yangu. Volti 4 inakwambia imejaa, haikwambii bomba lake ni nene kiasi gani. Betri za laptop ni za ampea chache, na hizo zimeshazeeka. Zitumie kwenye redio au taa ya sola, ukiweka bodi ya kinga.

Kifaa changu kinatumia mbili. Moja imeharibika, naweza kununua moja?

Nunua mbili za aina moja, siku moja, uziandike A na B kwa kalamu. Zichajiwe pamoja na zitumike pamoja mpaka mwisho. Ukichanganya mpya na kuukuu, ile dhaifu inaisha mapema huku mwenzake anaendelea kuisukuma, na inapata joto. Ile nzima iliyobaki ipeleke kwenye tochi.

Fundi, betri yangu ilikaa droo miezi minane, sasa inasoma volti 1.7 na chaja haiitambui. Fundi wa mtaani kwetu anasema aishtue kwa betri nyingine iamke.

Najua mchezo huo, hata mimi niliufanya nikiwa najifunza kazi. Inaamka kweli. Tatizo ni kwamba ikishuka chini ya volti 2, shaba ya ndani inaanza kuyeyuka, na ukiichaji inajijenga upya mahali pasipotakiwa, mpaka inaweza kupiga shoti ndani kwa ndani. Unaweza kuitumia wiki tatu bila shida. Usiishtue.

Nasafiri kwa ndege kwenda Nairobi kisha Kampala. Niweke wapi?

Kwenye begi la mkononi, betri zikiwa kwenye kikasha, kifaa kimezimwa. Begi la kwenye buti la ndege hairuhusiwi, na usichaji ndani ya ndege. Kuhusu Kampala, Uganda ilipiga marufuku biashara na uingizaji wa sigara za kielektroniki kwa sheria ya mwaka 2015. Ingekuwa mimi, ningeiacha nyumbani.

Dada yangu anauliza: ikianza kupata moto mkononi afanye nini?

Mwambie asijaribu kuifungua. Aitupe mbali na watu, kwenye saruji au mchanga, arudi nyuma hatua kadhaa. Ikianza kufoka kwa sauti kama jiko la gesi, imebaki sekunde chache. Ikiwaka, maji mengi yanasaidia kuipoza, na asivute moshi wake. Kama yuko ndani ya nyumba, watoto watoke kwanza.

Yule kijana wa msuli alinunua ipi?

Kifaa chake ni cha betri moja na anavutia wati 40, kwa hiyo ampea 14. Nilimpimia Samsung 25R mbili, zote gramu 45 na kitu, akachukua na vikasha viwili. Juzi alipita kubadilishiwa bandeji hospitali, akaniletea vikasha nivione. Kimoja kilikuwa na betri. Kingine alikuwa ametia chenji zake.